Utangamano Upimwe Gulioni



Kabla ya Vita Kuu ya 1914–1918, Buha na Burundi zilitawaliwa na Wajerumani. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakapatana kugawana makoloni hayo. Waha wa Kibondo na Kasulu wakawekwa upande mmoja wa mpaka, jirani zao Warundi upande wa pili. Lugha haikugawanyika: hata leo Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Soko la Pamoja likaanza mwaka 2010. Ni haki kuuliza: je, pande hizi mbili zimekaribiana kiasi gani?

Swali hilo hujibiwa kwa vitabu vya forodha. Lakini kitabu cha forodha huandika kile tu kilichopita mbele ya afisa. Mkulima anayevuka kwa miguu na maharage kichwani hayumo. Hesabu ikipanda, huenda biashara haikukua; huenda watu wameacha tu njia za panya.

Wala idadi ya wavukao haitoshi. Mwaka 1972, 1993 na 2015 Warundi wengi walikimbilia Tanzania. Huko kulikuwa kuokoa roho, si utangamano.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni bei. Debe la maharage likiuzwa upande huu na ng'ambo siku moja, tofauti ya bei haina budi kulingana na nauli na tozo halali, fedha zikihesabiwa kwa kiwango ambacho wachuuzi hubadilishana kweli. Tofauti ikizidi hapo na kudumu, hapana budi kutafuta kizuizi: kibali kinachocheleweshwa, kituo cha ukaguzi kisicho cha lazima, au haki ambayo mwananchi hakuelezwa. Jumuiya, kwa mfano, ina cheti chepesi kwa bidhaa zake zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho hakimfai mtu asiyejua kwamba kipo.

Kazi hii haingoji wataalamu kutoka Arusha. Shule iliyo karibu na gulio ina daftari na wanafunzi wajuao hesabu. Bei zikiandikwa kila siku ya gulio, na wenzao wa ng'ambo wakifanya vivyo hivyo, mtumishi wa serikali ataona mahali mkulima anapoumizwa, naye hatakuwa na kisingizio cha kutochukua hatua.

Mpaka ulichorwa bila Waha kuulizwa. Usipimwe bila wao kuulizwa.