Waya Uliobanwa Darini

Ndege ya RwandAir aina ya Dash 8-400 huruka kutoka uwanja wa Kamembe, wilayani Rusizi, hadi uwanja wa Kigali ulioko Kanombe kwa muda wa kama nusu saa, ikipita juu ya msitu wa Nyungwe na milima ambayo, kwa barabara, humchukua msafiri wa Rusizi saa tano au sita kuivuka. Hofu ya abiria wa safari hiyo kwa kawaida huelekezwa kwenye vitu vinavyoonekana dirishani, yaani rafadha zinazozunguka, bawa linalotikisika na wingu linalotanda juu ya Ziwa Kivu. Kilichojificha nyuma ya paneli za dari, ambacho ni mafungu ya nyaya za umeme yaliyofungwa kwa vibanio, hakimtii hofu mtu yeyote kwa sababu hakionekani, ilhali ni sehemu inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko nyingi zinazoogopwa.

Ndege kubwa ya abiria kama Boeing 747 ina nyaya ambazo urefu wake, zikiunganishwa, unazidi kilomita 200, sawa na kutandika waya mmoja kandokando ya barabara kutoka Rusizi hadi karibu na Kigali. Umeme unaopita humo si ule wa nyumbani: majumbani nchini Rwanda hutumika volti 230 zinazobadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, lakini katika ndege nyingi hutumika volti 115 zenye mizunguko 400 kila sekunde, kwa kuwa mizunguko mingi huruhusu mota na transfoma kuwa ndogo na nyepesi, na uzito ndio adui wa kwanza wa chombo kinachoruka. Kila waya umevikwa kihami, yaani ganda jembamba la plastiki linalozuia umeme usitoke nje ya njia yake. Ganda hilo huchubuka kwa mtikisiko wa miaka mingi, kwa kusuguana na kibanio kilicholegea, kwa unyevunyevu, kwa vipande vya chuma vilivyosahauliwa baada ya kutoboa tundu, na hata kwa goti la fundi aliyeliegemea fungu la nyaya akifuatilia kazi nyingine kabisa.

Ganda likishachubuka, si lazima itokee shoti kubwa ya kuzima kila kitu mara moja. Mara nyingi umeme huanza kuruka katika pengo dogo kati ya waya na waya, au kati ya waya na chuma cha ndege, kwa cheche zinazokatika na kurudi, zenye joto la kutosha kuyeyusha shaba. Breka, ambayo ni swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi, katika ndege nyingi hufanya kazi kwa kipande cha metali kinachopinda kinapopata joto. Hicho huhitaji mkondo uliozidi kwa muda fulani, na cheche za kukatika na kurudi zinaweza kuendelea bila kukifikisha kwenye joto hilo. Zaidi ya hayo, baadhi ya maganda ya plastiki yaliyosifiwa zamani kwa wepesi na uimara, hasa ya aina iitwayo Kapton, yakiungua hugeuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme, hivyo kile kilichowekwa kuuzuia umeme kinakuwa daraja lake na cheche zinatambaa kulifuata fungu zima.

Kisa kimoja kinachoigusa Afrika Mashariki katika jambo hili kilitokea tarehe 12 Julai 2013 katika uwanja wa Heathrow, London. Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 787, yenye usajili ET-AOP na iliyopewa jina la Malkia wa Sheba, ilikuwa imeegeshwa kwa saa kadhaa bila mtu ndani yake, ndipo moshi ulipoonekana ukitoka juu ya kiwiliwili chake karibu na mkia. Ndege hiyo ilikuwa na historia ambayo watu wa eneo hili walikuwa bado wanaikumbuka: ndege zote za 787 duniani zilikuwa zimesimamishwa mwezi Januari mwaka huo kwa sababu ya betri zao za lithiamu kuungua, na tarehe 27 Aprili ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurudi kubeba abiria, kutoka Addis Ababa hadi Nairobi. Kwa hiyo moshi wa Heathrow ulipoonekana, lawama ziliziendea betri zilezile kabla ya uchunguzi kuanza.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walikuta jambo jingine, dogo zaidi na la kuumiza zaidi. Chanzo kilikuwa katika kisanduku cha kutoa ishara ya dharura, kifaa kinachofungwa juu ya dari upande wa nyuma ili ndege ikianguka kitume mawimbi ya redio ya kuwaelekeza waokoaji. Kifaa hicho kina betri yake ya lithiamu, na siku kilipoundwa nyaya mbili za betri zilipishana na kubanwa chini ya kifuniko kilipofungwa skurubu. Ganda likaisha taratibu, shoti ikatokea, seli moja ya betri ikapata joto na kuiwasha jirani yake, na moto ukahamia kwenye mwili wa ndege, ambao katika 787 haukutengenezwa kwa aluminiamu bali kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu wa kemikali, nao utomvu huo ukawa unafuka polepole juu ya dari. Wazima moto walioingia walipuliza kizimamoto cha gesi bila mafanikio, wakalazimika kuibomoa paneli ya dari na kupitisha bomba la maji ndipo moto ukazimika. Uwanja wa Heathrow ulifungwa kwa muda wa kama saa moja na nusu, na ukaguzi uliofuata katika mashirika mengine ulikuta nyaya zilizobanwa au kuharibika katika vifaa vingine vya aina hiyo.

Ni vigumu kulisoma tukio hilo bila kusimama hapo. Hapakuwa na rubani aliyekosea, wala hali mbaya ya hewa, wala ndege chakavu, kwani ilikuwa na umri wa chini ya mwaka mmoja tangu ikabidhiwe. Palikuwa na mkono uliofunga kifuniko bila kuona waya ulikuwa umelalia wapi. Na swali linalobaki ni zito: ikiwa wazima moto waliofunzwa, ndege ikiwa ardhini na milango iko wazi, walihitaji kubomoa dari ili kuufikia moto, mhudumu wa ndege mwenye kizimamoto cha mkononi na kofia ya hewa inayomtosha kwa kama dakika kumi na tano, angefanya nini juu ya jangwa la Sudan usiku?

Jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa kwa gharama ya watu 229. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair namba 111, aina ya MD-11, ilikuwa ikitoka New York kwenda Geneva, marubani wake wakasikia harufu isiyo ya kawaida wakadhani inatoka kwenye kiyoyozi. Takriban dakika ishirini na moja baadaye ndege hiyo ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove, Kanada. Bodi ya usalama wa usafiri ya Kanada ilikusanya kama asilimia 98 ya uzito wa ndege kutoka chini ya bahari, ikafanya kazi kwa zaidi ya miaka minne, na ripoti yake ya mwaka 2003 ilieleza kwamba moto ulianza juu ya dari ya chumba cha marubani, kwa cheche za waya ambazo ziliwasha kitambaa cha blanketi la kuzuia joto na kelele. Miongoni mwa nyaya zilizohusika zilikuwamo zile za mfumo wa burudani wa abiria, ambao uliongezwa baada ya ndege kuundwa. Blanketi hilo lilikuwa limepita majaribio ya kuungua yaliyotakiwa na sheria za wakati huo, na sehemu ile ya dari haikuwa na king'amuzi cha moshi wala kizimamoto, kwa kuwa sheria iliviamuru viwekwe kwenye injini, mizigo na vyoo tu.

Ripoti hiyo iliangalia pia matukio mengine ya moto angani yaliyoishia kwa ndege kuanguka, ikakuta kwamba kati ya kugunduliwa kwa moto na kuanguka kwa ndege zilipita dakika 5 hadi 35. Takwimu hiyo inastahili kuwekwa juu ya ramani ya Rusizi. Safari nzima ya Kamembe hadi Kigali inakaribia kikomo cha juu cha dakika hizo, na ndege iliyo katikati ya safari hiyo ina uwanja mmoja nyuma na mwingine mbele, kila mmoja kwa umbali wa kama dakika kumi na tano za kuruka, bila kuhesabu muda wa kujipanga kutua. Msafiri anayepanda ndege ndogo ya rafadha Kamembe ili akaunganishe Kigali na ndege kubwa ya Ulaya, akavuta pumzi ya faraja anapoiona ile kubwa, amebadilishana usalama wa aina moja na wa aina nyingine, kwa maana kanuni za kimataifa huruhusu ndege za injini mbili, kwa masharti maalumu, kupita mahali palipo mbali na uwanja wa karibu kwa dakika 120, 180 na hata zaidi. Kanuni hizo zilifikiriwa hasa kwa ajili ya injini kuzimika. Moto wa darini haufuati hesabu hiyo.

Mabadiliko yamekuja, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2007 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa kanuni zinazoyatambua mafungu ya nyaya kuwa mfumo kamili wa ndege, wenye ratiba yake ya ukaguzi, badala ya kitu kinachotazamwa fundi anapopita akielekea kwingine. Lakini kanuni ina nguvu pale palipo na msimamizi, na wakazi wa Rusizi wanajua kwamba ng'ambo ya mto wa mpakani, mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi. Ndege iliyozeeka si lazima iwe hatari, ila nyaya zake zimezeeka pamoja nayo, na hakuna rangi mpya ya nje inayoweza kulificha jambo hilo kwa fundi aliyefungua dari.

Kwa kuwa mahali moto unapojificha mara nyingi hapana king'amuzi, pua ya abiria inakuwa chombo cha thamani. Harufu ya plastiki inayoungua, paneli ya dari au ya ukutani iliyopata joto, taa inayopepesa pamoja na moshi mwembamba, ni mambo ambayo abiria wa safu ya kumi na nne anaweza kuyatambua kabla ya rubani. Barakoa za oksijeni zinazoning'inia kutoka darini hazimsaidii dhidi ya moshi, kwani huchanganya oksijeni na hewa ileile ya ndani. Kinachomsaidia ni kuinama, kuziba pua kwa kitambaa kilicholowana na kufuata taa za sakafuni. Taa hizo zenyewe ziliagizwa baada ya ndege ya Air Canada namba 797 kuungua mwezi Juni 1983: rubani alifanikiwa kuitua Cincinnati, lakini hewa iliyoingia milango ilipofunguliwa iliukuza moto katika muda usiofika dakika mbili, na abiria 23 kati ya watu 46 waliokuwamo hawakutoka. Wengi wao walikuwa ndani ya moshi usioonyesha mlango uko wapi.

Tangazo la usalama linalosomwa kabla ya kuruka kwa kawaida hutaja mikanda, milango, barakoa na marufuku ya kuvuta sigara, likanyamaza kuhusu harufu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Rwanda na mashirika yanayotua Kamembe yangeweza kuongeza sentensi moja, kwa Kinyarwanda na pia kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya abiria wengi wanaovuka mpaka kutoka Bukavu: abiria yeyote atakayesikia harufu ya kitu kinachoungua, au kuona moshi hata ukiwa mwembamba, amwite mhudumu papo hapo na kumwonyesha unakotokea.