Vidonge vya Presha na Safari ya Shamba

(Mazungumzo na wananchi, Ifakara)



Tumekuja kuzungumza juu ya dawa, lakini inatubidi tuanze na ubongo. Chini kabisa, ubongo unapoungana na uti wa mgongo, pana sehemu nyembamba iitwayo shina la ubongo. Eneo lake la kati wataalamu waliliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya daraja, na jina hilo linalifaa. Amri ziendazo mikononi na miguuni hupita hapo, kama magari ya Ulanga na Malinyi yanavyopita darajani Kilombero. Hapo pia huongozwa pumzi, kumeza, mwendo wa macho na fahamu.

Mishipa ya damu inayolilisha shina ni midogo mno. Shinikizo la juu la damu, yaani presha, likiachwa kwa miaka huidhoofisha, hata mmoja ukapasuka. Kati ya wagonjwa 10 waliovuja damu ndani ya ubongo, takriban mmoja huvujia hapo. Ni wachache, lakini mahali penyewe ni pafinyu. Damu ya kujaza kijiko cha chai yaweza kuhatarisha maisha.

Dalili huja ghafla: kichwa kuuma vikali, kutapika, kizunguzungu, kuona kitu kimoja kama viwili, ulimi kuwa mzito. Udhaifu hushika upande mmoja au viungo vyote vinne. Damu ikiwa nyingi, mgonjwa hupoteza fahamu, mboni za macho husinyaa kama tundu la sindano, pumzi huenda bila mpango, na mwili huweza kuchemka. Hapa bondeni, joto na kupoteza fahamu hutufanya tufikirie malaria, na si kosa. Kipimo chaweza hata kuonyesha vimelea, kwa kuwa mtu huweza kuwa na vyote viwili. Ila malaria kwa kawaida haimwangushi mtu mzima aliyekuwa akipepeta mpunga dakika tano zilizopita. Wapo pia wasemao ametupiwa kitu. Hatukuja kubishana nao. Tunaomba tu hospitali itangulie.

Mlazeni ubavu, mkampeleke upesi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko au kituo kilicho karibu. Msimpe uji, maji wala kidonge, kwani huenda hawezi kumeza. Aspirini hasa msimpe. Humfaa aliyezibwa mshipa, lakini kwa anayevuja damu huongeza hatari, na ni picha ya kichwa tu, kama ile ya CT, iwezayo kutenganisha wawili hao kwa uhakika.

Juu ya kupona, tutasema kweli. Karibu nusu ya wagonjwa hawa hufariki, na walioanza kwa kupoteza fahamu kabisa ndio wengi. Aliyevuja kidogo, upande mmoja, huweza kurudi nyumbani na kutembea tena baada ya miezi ya mazoezi. Wachache hubaki wakisikia na kuelewa kila neno, huku wakiweza kusogeza macho na kope tu. Basi msizungumzie mazishi kando ya kitanda. Mwambieni apepese macho, kisha msubiri jibu.

Sasa dawa zenyewe. Msimu wa mpunga familia nyingi za bonde huhamia shamba kwa wiki au miezi, mbali na duka la dawa. Vidonge huisha, na kwa kuwa presha haiumi, mtu hujiona mzima akaendelea kulima. Twaona hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kabla ya kuhama, mwelezeni mhudumu wa kliniki mtakaa shamba muda gani, mpate dawa za kutosha kipindi hicho chote. Mgongo ukiuma, msinunue diklofenaki bila kumwambia muuzaji kwamba mna presha, maana dawa za jamii hiyo huweza kuipandisha. Msiazimane vidonge na jirani. Dawa yake huenda si yenu.

Nunueni kwenye duka lenye kibali, kwa cheti cha daktari, na mdai risiti. Someni tarehe ya mwisho wa matumizi mkiwa bado dukani. Huko shamba, viacheni vidonge katika pakiti yake, ndani ya kopo lenye mfuniko, kivulini. Mkisahau dozi ya jana, leo mezeni ya leo peke yake.