Kuulizia Habari za Mtu Kabla ya Kumwandika Kazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Nimeombwa na halmashauri ya Chama niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya, na aghalabu hulifanya kwa haraka, nalo ni kuulizia habari za mtu kabla ya kumwandika kazi. Huenda mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya mahoteli makubwa ya Diani, au ya hospitali ya Msambweni, au ya serikali ya kaunti, ambako kuna makarani wa shughuli hiyo. La. Mwenye duka wa Ukunda atafutaye kijana wa kushika fedha, mwenye gari atafutaye dereva wa njia ya Likoni, mama atafutaye yaya, na halmashauri ya madrasa itafutayo mwalimu, wote hao ni waajiri. Tena kuna la pili, nalo latuhusu zaidi sisi wazee: atafutaye kazi huja kwetu kwanza kuomba barua ya kumjulisha. Basi sisi tumo pande zote mbili. Twauliza, na twaulizwa.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka iliyopita, kijana mmoja, mwana wa rafiki yangu marehemu, alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniomba barua. Alikuwa akitafuta kazi ya kutunza ghala katika nyumba ya wageni pwani. Kwa mapenzi ya baba yake nilichukua kalamu nikaandika kwamba namjua tangu utotoni, kwamba ni mwaminifu, wala hana dosari. Kweli ni kwamba nilimjua hadi alipotimiza miaka kumi. Kisha alikwenda Mombasa, na kwa muda wa miaka minane sikumwona wala sikusikia habari zake. Haikutimia miezi sita, mali ya ghala ikapungua, na kijana akaachishwa. Mwenye nyumba ile alikuja kwangu, wala hakuja kwa ugomvi. Aliniambia, “Mzee, sikuwa na haja ya kijana asiye na dosari. Nilikuwa na haja ya kuambiwa kweli.” Kwa miaka miwili baada ya siku hiyo, barua yoyote iliyotoka mtaani kwetu haikusomwa mahali pale. Waliopata hasara si mimi, wala si yeye aliyechukua mali; ni vijana wengine wa mtaa ule ambao hawakupata kuiba hata sindano.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: kuuliza ni haki ya mwajiri, lakini kuuliza kwa haki ni wajibu wake, na anayeulizwa, wajibu wake ni kusema anachokijua, asipunguze wala asiongeze.

Wako wasemao kwamba kuulizia habari za mtu ni kumdhania ubaya. Mimi sioni hivyo. Mtu akija kuposa binti yako, huulizii habari zake? Watuma watu kwao, wauliza majirani, wauliza wanaofanya naye kazi, wala hakuna aonaye kwamba umemtukana. Kazi nayo ni amana. Unayempa ufunguo wa duka umempa riziki ya watoto wako, na unayempa watoto wenyewe umempa kilicho kikubwa kuliko riziki.

Lakini najua pia kwa nini jambo hili huwatia watu wetu uchungu. Wazee wetu waliulizwa habari zao kwa namna isiyo ya haki. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipigwa chapa ya vidole, akapewa karatasi, na karatasi hiyo akaivaa shingoni ndani ya kibweta cha madini. Ndicho kipande. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, aina ya kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Asipotia sahihi ya kumwachilia mtu wake, mtu yule hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali, na akiondoka bila sahihi aliweza kutafutwa na kushitakiwa kama mtoro. Harry Thuku na wenzake walikipinga katika 1921 na 1922, na malalamiko hayakukoma mpaka sheria ya 1947 ilipoleta uandikishaji wa watu wa kila rangi mahali pa kipande.

Sasa tuangalie, ubaya wa kipande ulikuwa wapi? Haukuwa katika kuuliza kwamba mtu huyu amefanya kazi gani na wapi. Ulikuwa katika mambo matatu. Waliovikwa walikuwa Waafrika peke yao. Neno la mwajiri liliandikwa, na la mfanyakazi halikuwa na mahali pa kuandikwa. Na habari za mtu zilifanywa kamba ya kumfungia. Mtu akiuliza leo kwa namna hiyo, hata akiwa ndugu yetu, amekirudisha kipande bila kibweta chake.

Sheria za siku hizi zimejaribu kuyarekebisha hayo, na yafaa tuzijue. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema kwamba mtu aliyefanya kazi kwa muda usiopungua majuma manne mfululizo ana haki ya kupewa cheti cha utumishi aachapo kazi. Cheti hicho huonyesha jina la mwajiri na la mfanyakazi, siku ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyika. Mwajiri hashurutishwi kuandika sifa za tabia. Ashurutishwa kuandika yaliyotokea. Mgodi wa Base Titanium ulipokoma kuchimba mchanga Desemba 2024, vijana wengi wa Kwale walibaki wakitafuta kazi nyingine. Kwa kijana wa namna hiyo cheti cha utumishi ni mali. Na akihifadhi kama ahifadhivyo hati ya shamba. Nanyi wanachama mlio waajiri, msimnyime mtu cheti hicho kwa hasira.

Ama kuhusu mambo ya kuuliza, nayaona manne. Kwanza, je, mtu huyu ndiye asemaye kuwa ndiye? Tazama kitambulisho. Pili, je, alifanya kazi alikosema? Usitosheke na karatasi. Mpigie simu mwajiri wa kwanza, au ukiweza uende, umwulize alifanya nini, kwa muda gani, na kama angemwandika tena. Tatu, je, elimu na leseni zake ni za kweli? Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa taarifa ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa serikali, na vyeti zaidi ya 2,000 vilionekana kuwa vya kughushi. Ikiwa serikali yenye makarani wengi ilidanganywa hivyo, mimi na wewe tutadanganywa kwa urahisi gani! Baraza la Mitihani la Kenya huulizwa likathibitisha matokeo ya mitihani yake, tulitumie.

La nne ni zito kuliko yote, nalo ni la wale tutakaowakabidhi watoto. Pwani yetu ya Diani ina wageni wengi na fedha nyingi, na si siri kwamba watoto wamedhurika. Mwalimu aliyemharibu mwanafunzi akafutwa katika daftari la Tume ya kuajiri walimu, jina lake hutangazwa. Lakini akihama wilaya na kubisha hodi katika shule ndogo ya binafsi au madrasa, nasi tukamkaribisha kwa sababu ya sauti nzuri na kanzu safi, tangazo lile limefaa nini? Kwa kazi za namna hii, cheti cha tabia njema cha polisi kitakwe bila kuoneana haya, hata kwa mwana wa sheikh, hata kwa mwana wangu. Tena tukumbuke kwamba cheti hicho husema tu yale yaliyofika polisi. Yaliyomalizwa kwa siri kati ya wazee hayamo humo. Wazee wetu, hapa nasema nanyi kwa heshima: kila tunapomaliza kwa faini na kahawa shauri la mtoto aliyedhulumiwa, twamwandikia mdhalimu barua njema ya kupelekea mtaa wa pili.

Yako pia yasiyopasa kuulizwa. Kabila la mtu si kazi yake. Tulioona machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 twajua ni madhara gani huja watu wahesabiwapo kwa asili zao. Sheria ya Kazi imekataza kumbagua mtu kwa kabila, kwa dini, au kwa kuwa mwanamke ana mimba. Na sheria ya 2006 imekataza kumlazimisha mtu apimwe virusi vya UKIMWI ili apate kazi. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo maana yake kwetu ni nyepesi: mwambie mtu kwamba utaziulizia habari zake, na kwa sababu gani, usikusanye zaidi ya unachohitaji, uzihifadhi, usizipeleke barazani, na ukipata neno baya juu yake, mpe nafasi ya kulijibu, maana huenda si kweli, au si yeye. Wangapi wanaitwa Juma Ali katika Kwale hii?

Wala tusidhani kwamba asiye na karatasi ni mtu mbaya. Tunao Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani hii. Walizaliana hapa, wakazikana hapa, na kwa miaka mingi hawakuwa na vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwenda Nairobi kudai haki yao, na Desemba mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba nao walitambuliwa 2023. Kabla ya siku hizo, mwajiri aliyetaka karatasi tu angewakataa mafundi wa kuchonga na wavuvi hodari, hali jirani yeyote wa Makongeni au Shimoni angeweza kumweleza tabia zao kwa saa nzima. Karatasi ni shahidi mmoja. Jirani ni shahidi wa pili. Kazi yenyewe, mtu akijaribiwa kwa muda uliopatanwa na kwa malipo ya haki, ni shahidi wa tatu.

Nina neno pia kwa ajili ya aliyewahi kukosa. Mtu aliyefungwa, akatumikia kifungo chake akarudi, asiandikiwe uongo kwamba hakufungwa. Lakini asifungiwe milango yote pia. Si kila kosa huzuia kila kazi. Aliyepigana sokoni akiwa kijana aweza kuwa mkulima mzuri, na fundi mwashi mzuri. Yule kijana wangu wa ghala yuko leo baharini, nahodha wa mtumbwi wa watu wawili, na wenzake wanamwamini. Alipokuja tena kuniomba barua niliandika yote, kosa na miaka iliyofuata. Aliisoma, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Hii naweza kuibeba.”

Bwana Mwenyekiti, naomba Chama kiyafikirie mambo matatu. Kwanza, barua ya kumjulisha mtu ioneshe tangu lini mwandishi amjua, amemwona katika kazi gani, na wapi ujuzi wake unapokoma. Pili, nakala ya kila barua iwekwe katika faili la Chama, ili aliyeandika aweze kuulizwa. Tatu, mzee asimwandikie barua ndugu yake wa damu bila kutaja udugu huo.

Haya si mambo makubwa, wala hayahitaji fedha. Lakini jina la mtaa hujengwa barua kwa barua, na mimi nimeona jinsi lilivyobomolewa kwa barua moja. Vijana wetu hawana mashamba mengi ya kurithi. Basi tuwarithishe neno la wazee wao linaloaminiwa.