Ngoma Zilizotoka Parokiani

Msikilizaji, jioni hii nimekuja na wazo la Wamarekani, na nataka tulipime pamoja. Wazo lenyewe ni kuanzisha kikundi cha gwaride la ngoma na tarumbeta kilicho cha Kikristo waziwazi: vijana wa imani moja, nyimbo za imani, sala kabla ya kuingia uwanjani, kisha kwenda kushindana na vikundi vikubwa vya nchi ile.

Kama hujawahi kuviona vikundi hivyo, usifikirie bendi ya polisi inayopita mbele ya jukwaa la wageni wa heshima. Hawa ni vijana, wakubwa wao wana miaka 21 hivi, na kikundi kimoja kikubwa kina zaidi ya watu 100. Vyombo vyao ni vya shaba na ngoma. Saksafoni na klarineti hazina nafasi. Pembeni wamo warusha bendera. Onyesho zima halifiki robo saa, lakini ndani ya muda huo kila mmoja amekariri mahali pa kukanyaga kwa kila pigo la muziki, mara nyingine akirudi kinyumenyume mbio huku tarumbeta iko mdomoni. Msimu mzima wa joto wanazunguka nchi kwa mabasi, wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, mchana kutwa wako juani wakifanya mazoezi, na usiku ndiyo zamu ya watazamaji. Fainali huwa Agosti, mjini Indianapolis, katika uwanja wa Lucas Oil. Mimi nakiri navutiwa. Ukisikia ngoma zile zinavyogonga kwa pamoja, huna budi kusimama.

Sasa, wanaolileta wazo la kikundi cha kanisa hulizungumza kana kwamba halijawahi kutokea. Limetokea, tena zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya askari wastaafu wa Marekani vilichukua ngoma na mabarugumu ya jeshi vikaanza kushindana. Parokia za Kikatoliki hazikukaa nyuma. Mwaka 1930 Askofu Bernard Sheil alianzisha Chicago chama cha vijana Wakatoliki, ambacho watu wengi wanakikumbuka kwa ndondi, na chama hicho kilipoenea majimboni, mashindano ya ngoma na tarumbeta yakawa sehemu ya kazi zake. Mapadre walikuwa na vijana mikononi, watoto wa wahamiaji wa Kiayalandi, Kiitaliano na Kipolandi, ambao baba zao walishinda viwandani. Ukimpa kijana kama huyo ngoma na sare, jioni yake unajua iko wapi.

Sikiliza majina. Mwaka 1934 parokia ya Holy Name, mji wa Garfield, jimbo la New Jersey, ilianzisha kikundi chake. Mwaka 1940 parokia ya Most Precious Blood, mjini Boston, ikaanzisha chake, ambacho leo ni Boston Crusaders, na kingali kinapiga. Newark walikuwa na Blessed Sacrament, Bayonne walikuwa na St. Vincent's. Ni orodha ndefu, na ukiisoma unadhani unasoma ratiba ya misa.

Ilikuwaje basi majina ya watakatifu yakafutika? Hapakuwa na mgomo wala uasi wa imani. Mashindano yalikua, na paroko na mwalimu wa ngoma wakaanza kuvutana: huyu anataka kikundi cha maandamano ya sikukuu ya parokia, yule anataka kikombe cha taifa. Wale wa Garfield waliachana na parokia yao mwishoni mwa miaka ya 1950, wakabeba jina la mji. Mwaka 1972 vikundi vyenyewe vilipofanya fainali zao za kwanza chini ya chombo vilichokiunda vyenyewe, Drum Corps International, mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin, mamlaka ya wanajeshi wastaafu na ya makanisa yalikuwa yanaondoka mlangoni.

Garfield walifika mbali. Walitwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985, na baadaye wakajiita The Cadets tu. Lakini ngoma ivumayo haidumu. Mwaka 2018 mkurugenzi wao wa miaka mingi alijiuzulu baada ya wanawake kadhaa kumtuhumu unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2024, kikiwa kimelemewa na kesi na fedha, kikundi kilichozaliwa kwenye ukumbi wa parokia kikafunga milango, miaka 90 baada ya kuanzishwa.

Hapo ndipo ninapogombana na wenye wazo letu la leo. Wao husema kitakachokifanya kikundi kiwe cha Kikristo ni nyimbo na sala. Kuhusu nyimbo sina shaka. Tarumbeta inapiga tenzi za rohoni vizuri kuliko inavyopiga kitu kingine chochote. Lakini ada ya msimu mmoja katika vikundi vikubwa inahesabiwa kwa maelfu ya dola. Mtoto wa mjane atailipa na nini? Na Jumapili asubuhi, wakati kanisa linaimba, vijana hawa wako kwenye basi au kwenye mazoezi. Ukikiingiza kikundi cha kanisa katika mfumo huo, kitavuta watoto wa wenye nacho, kitawachosha, kisha kitawapigia magoti jukwaani waamuzi wanaotoa alama. Sala ya dakika mbili kabla ya onyesho haibadilishi hesabu hiyo.

Tuangalie kwingine. Mwaka 1878, mjini Salisbury, Uingereza, wahubiri wa Jeshi la Wokovu walikuwa wakipigwa na wahuni barabarani. Fundi ujenzi mmoja, Charles Fry, na wanawe watatu walijitolea kuwalinda. Wote wanne walikuwa wapigaji wa vyombo vya shaba, wakaja navyo, wakapiga nyimbo ili kelele za wahuni zizimwe. Ndiyo bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu. Hapakuwa na waamuzi wala tiketi ya kiingilio. Kazi yake ilikuwa barabarani, kwa watu waliokuwa barabarani. Jeshi hilo liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, na hadi leo ukikaa karibu na kanisa lao unajua Jumapili imefika hata kama huna saa.

Sisi wa pwani tunapaswa kujua zaidi ya Wamarekani kwamba ngoma ya kanisa haifungwi kamba. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima, mwaka 1975, kuhusu beni: vijana wa Lamu, Mombasa na miji ya bara walichukua gwaride na tarumbeta za wamisionari na za wanajeshi wakazigeuza ngoma zao, wakapeana vyeo, wakagawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi na kejeli. Wamisionari hawakupendezwa. Lakini vijana waliipenda, nao ndio waliokuwa na miguu.

Na leo tunao Watafuta Njia wa Waadventista Wasabato, chama kilichoidhinishwa rasmi na kanisa hilo mwaka 1950. Umewaona bila shaka, wenye skafu shingoni, wakipiga kwata nyuma ya ngoma kwenye makambi na maandamano yao. Wengi hawana tarumbeta hata moja. Ngoma tano au sita, mwalimu wa kujitolea, uwanja wa shule, basi. Kwangu mimi hicho kiko karibu zaidi na kikundi cha Kikristo kuliko onyesho lolote la uwanja wa mpira, kwa sababu mtoto haingii kwa kulipa, anaingia kwa kufika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Wamarekani wanaotaka kikundi cha imani wakianzishe mtaani, chini ya kanisa linalojua majina ya watoto, kisiwe na ada, na kisiende Indianapolis. Wakikosa kikombe, sawa.

Nanyi wachungaji, maparoko na wazee wa kanisa mnaonisikiliza, mnaochangisha fedha za ngoma na sare mwaka huu: kabla hamjalipa dukani, andikeni karatasi moja mbandike mlangoni mwa kanisa. Iseme nani anawafundisha watoto, nani mzazi anayekuwepo mazoezini, mazoezi yanaisha saa ngapi, na mtoto akitendewa vibaya amwendee nani asiye mwalimu wake. Karatasi hiyo ikishabandikwa, nunueni ngoma.