Kodi ya nyumba na parsele: kipimo kiwe kimoja kwa wote



Kila mwaka watu wanatuuliza: namna gani nyumba mbili za avenue moja, ukubwa mmoja, mabati yale yale, zinalipishwa kodi tofauti? Mmoja anazungumza na mtu wa kodi mpaka bei inashuka. Mwingine, mjane asiyejua kifaransa, analipa yote na kubaki bila karatasi.

Sisi hatusemi watu wasilipe. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kuchangia gharama za inchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi humu. Lakini kinasema pia: hakuna kodi bila sheria, na hakuna kuachiliwa kodi bila sheria.

Sheria iko, tangu tarehe 10 Februari 1969. Inaangalia aina ya nyumba na cheo cha mahali. Villa inahesabiwa kwa metre kare. Haiangalii sura ya mwenye nyumba wala duka lake. Na kwa Katiba ya 2006, kodi hii ni ya jimbo. Basi maswali yetu yaende jimboni, si Kinshasa.

Ubaguzi unaingia kupitia bei ya mdomo, juu bei ya mdomo haipelekwi korti.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Usitoe pesa bila karatasi inayoonyesha aina ya nyumba, cheo cha mahali na hesabu. Majirani, wekeni karatasi zenu pamoja. Yule aliyelipa kidogo ataogopa kuonyesha yake, tunamuelewa. Lakini mwaka kesho bei yake pia iko mu mikono ya mtu. Mpangaji, kama wanakupandishia nyumba juu ya kodi, omba kuona karatasi.

Hesabu ikiwa mbaya, andika malalamiko. Sheria ya tarehe 13 Machi 2003 inakupa miezi 6 tangu kupokea karatasi ya kulipishwa. Wakinyamaza miezi 6, ni sawa wamekataa, na hapo njia ya korti inafunguka.

Kwa wakubwa: bandikeni bei kwenye mlango wa komini zote nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Sisi wenye diploma bila kazi, wakati tuko nao. Leteni makaratasi, tutaandika barua pamoja, bure.