Arudi Kazini au Alipwe?



Tumeombwa tuseme juu ya mfanyakazi aliyepigwa kalamu pasipo haki. Akishinda kesi, arejeshwe kazini au apewe fidia? Wengi hudhani jibu ni jepesi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 49, yaipa mahakama njia zote mbili. Yaweza kuamuru mfanyakazi arejeshwe kana kwamba hakufukuzwa kamwe, au aajiriwe upya katika kazi inayolingana na ile ya kwanza, au alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Lakini sheria iyo hiyo humtaka jaji apime matakwa ya mfanyakazi, apime kama kurejea kwawezekana, na aikumbuke kanuni kongwe tuliyorithi kwa Waingereza, kwamba watu hawalazimishwi kufanya kazi pamoja ila kwa sababu za kipekee kabisa. Hapo ndipo mlango unapofungwa. Wafanyakazi 447 waliopunguzwa na Kenya Airways mwaka 2012 walipata amri ya kurejeshwa kutoka Mahakama ya Viwanda. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitangua.

Hatuidharau fidia. Mtumishi wa nyumbani aliyetukanwa na kunyimwa mshahara hatamani kurudi jikoni mule. Arudi kwa nani? Na apewe fedha zake aende kwa amani. Lakini mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aliyefukuzwa kwa kuulizia malipo ya saa za ziada, akilipwa miezi 12 na kuambiwa kwaheri, mwajiri amenunua nini? Amenunua kimya cha wote waliosalia. Kwa kampuni kubwa, hiyo ni bei nafuu mno.

Tena liko jambo la wakati. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi yaruhusu amri ya kurejeshwa ndani ya miaka 3 tu tangu kufukuzwa. Kesi ikiahirishwa leo, ikaahirishwa tena kesho (nani kati yetu asiyeyajua maahirisho hayo?), haki hiyo hufa ingali mezani. Kwa hiyo twawasihi: anayeitaka kazi yake aombe kurejeshwa tangu hati ya kwanza ya madai, na aombe kusikizwa upesi. Wakili akimshauri achukue fidia kwa kuwa ndiyo njia fupi, amwulize ni fupi kwa nani.