Programu za Kazi: Zinapunguza Mzigo au Zinauongeza?

Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu, waweka hazina na makarani wa vikundi, Ndanai, Kaunti ya Bomet



Mada ya leo ni swali moja. Kuna programu za kompyuta na za simu ambazo watu huambiwa zitawafanya wafanye kazi haraka na vizuri zaidi. Je, zinafanya hivyo kweli? Swali hili linagusa mali ya watu. Kilo za majani chai, lita za maziwa, michango ya chama na karo za shule sasa zinaandikwa kwenye mashine. Zikiandikwa vibaya, anayeumia si mashine, ni mwenye mali.

Inafaa kuanza na kile kilichosaidia. Wakulima wadogo wanaopeleka majani yao kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA wanaikumbuka mizani ya springi. Karani alisoma mshale kwa jicho, akaandika kwa mkono, kisha tarakimu hizo zikanakiliwa tena kabla ya kufika kwenye malipo. Kila ziliponakiliwa palikuwa na nafasi ya kukosea, au ya mtu kupunguza. Ilipokuja mizani ya elektroniki, uzito ulisomwa na chombo chenyewe, ukawekwa pamoja na namba ya mkulima, na risiti ikatoka hapo hapo kituoni.

Tazameni kilichobadilika. Kazi ya kunakili iliondoka. Tena mkulima alirudi nyumbani na ushahidi mkononi. Mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni na bonasi kulipwa baadaye, aliyetunza risiti zake anaweza kujumlisha kilo zake mwenyewe na kuzilinganisha na alicholipwa. Asiyezitunza anabaki kuamini tu.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilisaidia kwa njia hiyo hiyo. Mwanachama aliye Nairobi au Nakuru hahitaji tena kumtafuta mtu wa kumbebea bahasha ya mchango. Safari imeondoka, na ujumbe unabaki kwenye simu ya aliyetuma na ya aliyepokea. Hata akiwa na simu ya mulika mwizi, mtu anaweza kuuonyesha.

Sasa geukieni upande wa pili. Chukueni mfano wa katibu wa kikundi cha watu 30. Mkutanoni anaandika michango kwenye daftari. Usiku anaiandika tena kwenye Excel, kwa sababu kikundi kiliambiwa kinahitaji rekodi za kompyuta. Halafu anapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Wiki inayofuata anaingiza mikopo kwenye programu nyingine ya simu, ambayo inataka bando. Hesabu moja sasa inakaa mahali pane. Mwanachama akiuliza salio lake, daftari linasema hivi na simu inasema vile. Mkutano uliokuwa wa saa moja unakuwa wa saa mbili, na nusu yake ni kubishana ni rekodi ipi ya kweli.

Katibu huyo si mvivu, na pengine programu zenyewe si mbovu. Kosa ni kwamba kazi mpya iliwekwa juu ya kazi ya zamani, na hakuna kilichoondolewa. Ofisi yoyote inayomjazisha mtu fomu ya karatasi kisha ikaandika maelezo hayo hayo kwenye kompyuta iko katika hali hiyo hiyo.

Jambo hili si la Ndanai peke yake. Mwaka 1987 mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, ambaye mwaka huo huo alipata Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Makampuni yalikuwa yamenunua mashine kwa pesa nyingi, lakini kazi iliyotoka kwa saa moja ya mfanyakazi haikuwa imeongezeka kama ilivyotarajiwa.

Mwaka 1990 mwanahistoria wa uchumi Paul David alitoa maelezo yanayosaidia kuelewa. Alirudi nyuma hadi wakati stima ilipoingia viwandani Marekani. Kituo cha kuzalisha umeme cha Thomas Edison kilifunguliwa New York mwaka 1882, lakini faida kubwa viwandani ilionekana miaka ya 1920, baada ya miaka 40 hivi. Kwa nini ilichelewa? Viwanda vya zamani vilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke, iliyozungusha mhimili mrefu na mikanda mingi, na kila mashine ilibidi ikae karibu na mhimili huo. Wenye viwanda wengi waliitoa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa ya umeme mahali pale pale, na mengine yote wakayaacha kama yalivyokuwa. Faida ilikuja baadaye, kila mashine ilipopewa mota yake na kiwanda kikapangwa upya kufuata mwendo wa kazi.

Katibu anayeandika hesabu mara nne ni kama mwenye kiwanda yule: ameleta chombo kipya, lakini mpangilio wa kazi ni ule wa jana.

Lipo pia jambo la kuamini kupita kiasi. Mwaka 2020, wakati wa korona, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikikusanya majibu ya vipimo kwa kutumia aina ya zamani ya faili za Excel. Faili hizo zina kikomo cha mistari 65,000 hivi. Zilipojaa, majibu yaliyozidi yaliachwa nje bila mtu kuona. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu ya kila siku, na watu waliokaa nao wakachelewa kutafutwa na kuambiwa wajitenge. Nchi hiyo haikukosa wataalamu wala kompyuta. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha walioingia na waliotoka, kama kilo za kituoni zinavyopaswa kulinganishwa na kilo zinazofika kiwandani.

Je, basi vikundi virudi kwenye daftari peke yake? Hapana. Daftari hulowa, huungua, hupotea, na mtu mmoja anaweza kuchana ukurasa. Programu za majedwali zina nguvu ya kweli. Ya kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979, na sababu ya kuitengeneza ilikuwa hii: ukibadilisha tarakimu moja, jumla zote zinazoitegemea zinajibadilisha zenyewe. Mweka hazina anayekokotoa riba ya watu 30 kila mwezi anajua thamani ya jambo hilo. Lakini programu haitaamua nani apewe mkopo, wala haitamtembelea mwanachama aliyekwama kulipa ili kujua kama ana mgonjwa nyumbani. Kazi hizo zinabaki kwa watu, na muda uliookolewa kwenye hesabu unafaa uende huko.

Kwa hiyo, kikundi kinachofikiria kuweka programu kifanye yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kulipa au kupakua chochote, wanachama waulize: ni hatua gani itaondoka? Ikiwa hakuna anayeweza kuitaja, wasubiri.

Pili, mkutano uamue ni rekodi ipi ndiyo ya kweli, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu. Nyingine zote ni nakala. Pakitokea tofauti, hakuna kubishana.

Tatu, kila anayetoa pesa, maziwa au majani apate ushahidi wake, risiti au ujumbe. Rekodi iliyo mikononi mwa upande mmoja tu si ulinzi, hata ikiwa ndani ya kompyuta nzuri namna gani.

Nne, kila mwezi hesabu zisomwe kwa sauti mkutanoni. Mzee asiye na simu ya kisasa ana haki sawa na kijana mwenye nayo. Jumla ya programu ilinganishwe na taarifa ya benki au ya M-Pesa, na anayelinganisha asiwe yule aliyeingiza tarakimu.

Tano, watu wawili au zaidi wajue kuifungua programu, na nakala ihifadhiwe mahali pengine. Simu ya katibu ikianguka mtoni, kikundi kisianguke nayo.

Sita, namba za vitambulisho na madeni ya watu yasitumwe ovyo kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda kila Mkenya, na kikundi kinachokusanya habari za watu kina wajibu wa kuzitunza.

Saba, programu ijaribiwe miezi mitatu. Katibu aandike saa alizotumia kabla na baada yake. Saa zikipungua na makosa yakipungua, iendelee. Saa zikiongezeka na makosa yakabaki yale yale, kikundi kiache bila aibu, hata kama jirani anaisifu.

Kuwa na programu nyingi kwenye simu si kipimo cha kazi nzuri. Kipimo ni mkulima kulipwa kilo alizoleta, mwanachama kujua salio lake siku anapouliza, na katibu kufika nyumbani kabla ya giza.